Vumbi la Samaki wa Arobaini na Moja

Nakutega, na usikimbilie kujibu. Nyumba yangu ina ukuta mgumu kama jiwe, ndani haina nguzo hata moja, na mwenyewe huenda nayo kila aendako.

Utasema kobe. Kila mtu husema kobe. Kobe ana mifupa tele ndani, na uti wake wa mgongo umeshikana na lile gamba la juu. Utasema konokono. Hapo umekaribia, lakini konokono hata macho ameyatundika kwenye ncha za pembe, hana kichwa cha kuvalisha ukuta. Ukishindwa usinipe mji, mji nitauweka wapi na magoti haya? Nisogezee kiti tu, nikujibu nimekaa.

Ni samaki. Si huyu wa kikaangoni. Ni samaki wa zamani mno, kabla ya mti wowote kumpa mtu kivuli, kabla ya huyo mtu mwenyewe. Hakuwa na taya. Mdomo wake ulikuwa kama tundu la kifungo. Kichwa alikivika ngao ya mfupa, kama kofia ya mpanda pikipiki, na chini ya ngao hiyo hakuna nguzo ya mfupa, ni gegedu: ile ngumu-laini iliyo kwenye sikio lako, ikunje uone. Mfupa ulianzia nje, mwenzangu. Ulikuwa nguo kabla haujawa nguzo. Huu uti wa mgongo unaokuuma ukiinama kufua ulikuja baadaye, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi na kukaa kwanza barazani.

Hicho nimekutegulia bure. Lipo swali jingine ambalo halikuwa la kuchezea. Nilimuuliza mtu mmoja, mkono wake ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango, akatoka bila kunijibu. Nililibeba miaka kumi na mitatu, mpaka nikajikuta sebuleni kwake nimeshika kikombe cha chai iliyopoa, mkoba wangu miguuni, na ndani ya mkoba kikaratasi kilichokunjwa, kidogo kama pembe ya leso.

"Ongeza sukari, Mama," Daktari aliniambia.

"Sukari ipo, Daktari. Jibu ndilo halipo."

Akageuka kutazama dirisha, kana kwamba jibu litapita barabarani na kuingia lenyewe.

Miaka mingi kabla ya chai hiyo, niliingia kwenye jumba la makumbusho kwa mlango wa nyuma, na ufagio mkononi. Darasa la saba nilimaliza, na hapo shule yangu ikaishia. Nilifagia kumbi za wanyama waliojazwa pamba, nikafagia ngazi, na mwisho wa siku nikafagia karakana, ambako mzee mmoja alikuwa ameinamia mawe tangu asubuhi. Tulimwita Fundi Polepole. Ukimwamkia saa mbili, anakuitikia saa tatu.

Nina tabia moja ya tangu utotoni: situpi taka kabla sijaziangalia. Niliwahi kumwaga hereni ya mama yangu pamoja na takataka za uani, na kofi la siku ile bado linanifundisha. Basi jioni moja, kwenye kizoleo, nikaona kitu kama mbegu ya ufuta. Upande mmoja kiling'aa. Nikampelekea mzee.

"Fundi, hiki si mchanga."

Akakiweka kiganjani, akakitazama kwa kile kioo chake cha kubana jichoni. Kumbe ilikuwa siku ya tatu anakitafuta, anatambaa chini ya meza watu wakishaondoka, na hakutaka kumwambia mtu. Wiki iliyofuata alininyang'anya ufagio akanipa sindano.

Nikakaa na sindano hiyo miaka ishirini na miwili.

Kazi yenyewe ni hivi. Samaki huja amefungwa ndani ya jiwe, na mawe yetu yalikuwa ya chokaa. Unaliogesha jiwe kwenye beseni la asidi nyepesi, jamaa yake siki ya jikoni. Jiwe linatoa povu na kuliwa kidogo kidogo, mfupa unabaki. Unalitoa, unalisuuza kwa maji yanayotiririka siku tatu, unalikausha, kila mfupa uliochungulia unaupaka gundi nyembamba, kisha unaanza upya. Pale beseni lisipofaa unashika sindano chini ya taa, ukipumulia pembeni usije ukapeperusha kitu. Mkono hujifunza mambo ambayo mdomo hauwezi kuyasimulia. Sindano ikigusa jiwe hunong'ona. Ikigusa mfupa huimba.

Fundi Polepole alikuwa na sharti moja ambalo hakuwahi kulilegeza hata siku ya homa. Vumbi halitupwi. Kila siku ukimaliza, vumbi ulilolitoa kwenye samaki unalifunga kwenye kikaratasi, na juu yake unaandika kwa penseli, maana wino huchuja: nambari ya samaki, tarehe, limetoka sehemu gani, na ni nani aliyesema litoke.

"Hilo la nani, la nini?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Jiwe ulilolitoa huwezi kulirudisha. Ukija kuulizwa, utaonyesha nini? Mikono?"

Basi nikafunga. Vikaratasi vyangu vilikuwa vya pembe tatu, kama vya muuza viungo, na vijana wa ofisini wakanibandika jina la Mama Bizari. "Mama Bizari, leo una pilipili manga?" "Ninayo," nawajibu, "fumbua macho nikutie." Mzee alipoumwa akaacha kazi, nilibaki peke yangu na sharti lake. Hakuna aliyenihimiza wala kunikagua. Niliendelea kufunga tu, kama unavyoendelea kufunga mlango wa chumba cha mtu aliyehama.

Samaki wa arobaini na moja alitosha kwenye kiganja. Ngao yake ilikuwa nzima isipokuwa kona moja ya kushoto, iliyovunjika kama sahani iliyogongwa kwenye sinki. Kupitia ile kona ungeweza kuchungulia ndani ya kichwa, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake, au nuksi yake. Gegedu lilikuwa limeoza zamani za kale, tope likaingia vyumbani, likawa jiwe. Kazi yangu ilikuwa kulitoa tope hilo chumba kwa chumba, ili Daktari apige picha.

Daktari alikuwa mkuu wa idara ya samaki. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo ulishike. Aliwaamkia wafagiaji. Mwanangu alipolazwa, alinipa ruhusa kabla sijamaliza sentensi. Lakini cheo chake alikipata kwa andiko moja refu, lililosomwa hadi ng'ambo, na andiko hilo lilisema kwamba samaki wa aina hii, ukiacha ngao ya nje, ndani hawana mfupa hata chembe.

Na mimi, kwenye kuta za chumba cha ubongo wa samaki wa arobaini na moja, nikakuta utando wa kahawia.

Ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Ulizunguka pale gegedu lilipokuwa, ukalifunika kama karatasi ya shule inavyofunika daftari. Nikadondosha tone la siki: jiwe la pembeni likatoa povu, utando ukakaa kimya. Nikaugusa kwa sindano. Ukaimba.

Nilikaa nikiutazama mpaka maji ya kusuuza yakafurika beseni la jirani. Kisha nikaenda kumwita.

Daktari aliinama kwenye kioo kikubwa, akatazama, muda mfupi kuliko nilivyotarajia.

"Kutu, Mama. Maji yenye chuma yamepita humo."

"Kutu huacha rangi kidoleni. Huu hauachi."

"Umesoma wapi hayo?"

"Hapa hapa mezani."

Akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu anavyomchekea mtoto aliyevaa viatu vya baba yake, na hilo lilinichoma zaidi. Akaangalia saa. "Alhamisi nina wageni. Wanakuja kumwona huyu huyu, na nimewaahidi vyumba vya kichwa vikiwa safi, vyeupe. Ukwangue wote."

"Na kama ni mfupa, Daktari?"

Nimekwambia mkono ulikuwa kwenye kitasa. Ulikaa pale. Nikaona vidole vinakaza, vinalegea. Kisha mlango ukafunguka, ukafungwa, nikabaki na samaki.

Siku mbili nilijifanya nina kazi nyingine. Nilipanga chupa za gundi ambazo zilikwisha pangwa, nikafua vitambaa, nikanoa sindano zenye makali. Alipita mara moja akauliza, "Bado?" Akapita tena, hakuuliza, akasimama tu mlangoni. Ningeweza kufanya mambo mengi. Ningeweza kuficha samaki, kuumwa, kumpelekea mkuu wa jumba zima. Kila ninapoosha vyombo huwa nakumbuka jambo jingine ambalo ningeweza kulifanya. Lakini nilikuwa mwanamke wa darasa la saba mbele ya mtu ambaye vitabu vyake havikuingia kwenye rafu moja, na wazo lililoshinda lilikuwa dogo, la kuaibisha: huenda mimi ndiye nisiyejua.

Nikakwangua. Sindano iliimba siku tatu. Kila chembe iliyodondoka niliikusanya kwa brashi ya manyoya, nikaifunga, nikaandika: Samaki 41. Utando wa kahawia, ndani ya kichwa. Daktari kasema toa. Nimeuliza, hakujibu.

Alhamisi wageni walikuja, wakainama, wakasema vyumba ni vyeupe kweli. Mmoja alinisifu kwa mkono mwepesi. Nilimshukuru, nikaenda chooni kulia, nikarudi kusuuza mabeseni.

Baada ya miaka minne nikastaafu. Nikapewa saa ya ukutani, ambayo mpaka leo huwahi dakika kumi.

Mjukuu wangu wa kike, wa kidato cha tatu, ndiye aliyenirudisha. Darasa lao lilipelekwa kutembelea jumba la makumbusho, wakaonyeshwa hadi karakana. Akaja nyumbani anacheka, simu mkononi.

"Bibi, si ulikuwa unafanya kazi kule? Cheki hii wameweka ukutani. Yule anayewafundisha mafundi wapya katuambia, mkitaka kujua ufundi mbovu, tazameni hapa."

Nikavaa miwani. Ilikuwa picha kubwa ya kichwa cha samaki, kona ya kushoto imevunjika kama sahani. Mikwaruzo ya sindano yangu ilizungushiwa duara jekundu. Juu wameandika kwa herufi kubwa: USISAFISHE HIVI. Chini, kwa herufi ndogo: Mfupa wa ndani, wa thamani isiyo na kifani, umekwanguliwa na mkono usio na mafunzo.

"Ni nani huyo, Bibi, unamjua?"

"Namjua," nikasema. "Kakupikia uji asubuhi."

Mtoto wa watu aliishusha simu taratibu kama anaweka yai.

Kesho yake nilikuwa getini saa mbili. Mlinzi hakuwa wa zamani zangu. Akafungua daftari.

"Unamtaka nani, Bibi?"

"Namtaka samaki."

"Samaki sokoni, Bibi. Huku ni makumbusho."

Nikamweleza, akaniambia niandike barua. Nikaandika barua, kwa mwandiko wangu wa kulala kulia. Baada ya wiki tano nikajibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa na yanathaminiwa. Nikarudi: mkuu wa karakana yuko semina. Nikarudi: mkuu yuko likizo. Nikarudi, nikamkuta, kijana wa heshima kabisa, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho huku akibonyeza kalamu, ndani, nje, ndani, nje.

"Lakini Bibi yangu, pale hatujataja jina la mtu."

"Ndiyo maana nimekuja. Waliofanya kazi hapa wote wanajua ni mkono wa nani."

"Wengi wao hawapo tena."

"Mimi nipo!"

Sikukusudia kupiga kelele. Chumba cha pili mtu aliacha kuchapa. Akachungulia binti mmoja mwenye koti jeupe na miwani imepandishwa kwenye nywele. Huyo ndiye mtafiti aliyeandika yale maneno ya chini ya picha. Yeye ndiye aliyempitisha samaki wangu kwenye mashine ya mionzi, akakuta nyuma kabisa ya kichwa, kwenye kipembe ambacho sindano haikufika, utando umebaki, mdogo kama kipande cha ukucha. Kwa kipande hicho alionyesha dunia kwamba huko nyuma, zamani kuliko ilivyodhaniwa, mfupa ulikwisha anza kuingia ndani. Mwanzo wa nguzo zetu zote. Na alikuwa na hasira ya haki na mtu aliyekwangua uliobaki. Alipojua kwamba mtu huyo ni mimi, alinitazama kama unavyomtazama aliyekanyaga kifaranga.

"Ulitumia sindano, Bibi? Kwa nini?"

"Niliambiwa. Na kabla hujanihukumu, mwanangu, niambie: vumbi mmeliweka wapi?"

"Vumbi gani?"

Hapo nikajua kwamba sharti la Fundi Polepole lilikufa siku nilipokabidhi funguo.

Tulishuka stoo. Mtunza stoo akasema bila kibali hafungui, kibali kikapatikana siku ya nne, na siku ya nne funguo zilikuwa na mwenzake. Siku ya tano tukaingia. Masanduku yangu tuliyakuta chini ya meza, na juu ya sanduku la mwisho wameweka birika la umeme, kwa sababu, alisema mtunza stoo, lilikuwa na kimo kizuri. Maji ya chai yalikuwa yamelowesha kona. Nilipiga magoti, magoti haya haya, nikafungua. Vikaratasi vilikuwa vimejipanga kama nilivyoviacha, mamia, na vya ule utando wa samaki wa arobaini na moja vilikuwa vitatu. Kimoja kiliota ukungu. Cha pili kilipasuka kikamwagika. Cha tatu kilikuwa kikavu.

Binti akakipeleka kwenye hadubini. Nilikaa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, ambacho hakikutaka kutulia. Baada ya muda akasema, bila kuinua kichwa, "Kuna vishimo vya chembe hai. Bibi, huu ni mfupa."

"Najua, mwanangu. Uliimba."

Ndipo akaisoma ile penseli, akaisoma tena, akavua miwani. "Nimekuandika vibaya," alisema. Alimfuata mkuu wa karakana palepale, na mimi nyuma yake, nikidhani safari imefika mwisho.

Mkuu alikigeuzageuza kikaratasi. "Sikatai," alisema. "Lakini hii ni penseli. Mtu anaweza kuiandika hata leo asubuhi. Na huyu anayetajwa hapa, jina lake liko juu ya mlango wa ukumbi. Picha nitaishusha vipi, na maelezo mapya niweke nini, kama mwenyewe hajasema?"

"Kwa hiyo neno lake linatosha bila karatasi," nikamwambia, "na langu halitoshi hata likiwa na karatasi."

Akabonyeza kalamu. Ndani, nje.

Ndivyo nilivyofika sebuleni kwa Daktari, binti mtafiti kulia kwangu na daftari lake, na chai ikapoa. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Mkewe alitupokea vizuri, akatuonya tusimchoshe, akaingia jikoni, ila mlango akauacha wazi kidogo. Daktari mwenyewe alikaa wima kama kitabu rafuni, kwa sababu mgongo ulikuwa umemtupa mkono: hospitali walimvalisha mkanda mgumu wa plastiki, kutoka kwapani hadi nyonga, juu ya shati.

Binti alieleza habari ya picha, ya mashine, ya vumbi. Alieleza kwa adabu. Daktari alisikiliza akiutazama mkono wake mwenyewe.

"Ni miaka mingi," alisema. "Nilikuwa na samaki zaidi ya mia."

"Huyu alikuwa na kona iliyovunjika," nikasema. "Uliwaita wageni kwa ajili yake."

"Wageni walikuwa wengi pia."

"Walikuja Alhamisi."

"Sikumbuki, Mama. Ningekumbuka ningekuambia."

Binti akasukuma mbele karatasi aliyoiandaa, yenye mstari mmoja tu wa kutia sahihi. Daktari hakuigusa. Aliuliza mvua huko tulikotoka imekuwaje. Aliuliza habari za mlinzi mmoja aliyekufa zamani. Akaniambia niongeze sukari. Kila nilipolirudisha lile jambo mezani, alilisogeza pembeni kwa upole, kama mtu anayesogeza kikombe cha mwenzake apate pa kuweka kiwiko. Binti alianza kupandisha sauti, nikamgusa goti. Nilikwisha choka. Si na Daktari. Nilichoka na barua, na geti, na birika la umeme, na kuwa mwanamke mzee ambaye watu humpa kiti ili asiseme akiwa amesimama.

Nikatoa kikaratasi mkobani, nikakiweka karibu na bakuli la sukari. Nikainuka, kwa awamu zangu tatu.

"Daktari, mkanda unakubana?"

Hakutegemea hilo. "Unabana," alisema. "Bila huo, siketi. Ndani hakuna kinachoshika."

"Basi mfupa wako umehamia nje."

Alinikodolea macho. Kisha akacheka, kile kicheko cha zamani, lakini safari hii kilimgeukia mwenyewe, plastiki ikalia, akashika mbavu, macho yakamlowa. Jikoni mkewe aliacha kusuuza vyombo.

"Mama Bizari," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. Niliamini halijui hata jina hilo. Akakichukua kikaratasi, akakileta karibu na macho, na midomo yake ikatembea juu ya maneno yangu moja moja, hadi lile la mwisho.

"Sikuja uniombe radhi," nikasema. Nilikuwa nimefika mlangoni, na ni mimi sasa niliyekuwa na mkono kwenye kitasa. "Wala sikuja kukutoa jina mlangoni. Nilikuuliza kitu, ukatoka. Nijibu, niende zangu nikapike."

Alikiweka kikaratasi mezani, taratibu, kwa kidole kimoja, kama tulivyofundishwa kuweka kitu kisichoweza kurudishwa kikivunjika. Hakutazama dirishani tena.

"Kama ni mfupa," alisema, "basi uliuona wewe, si mimi. Ndiyo maana nilikuambia ukwangue. Mwandikie mkuu wako hivyo, binti."